Boila Ikikuandikia F28: Namba za Hitilafu na Kinachojificha Nyuma Yake

Hakuna kifaa kinachoitwa F28. Fungua boila ya Vaillant, ule mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba, mpaka skrubu ya mwisho, hutakiona. Hali ni hiyohiyo kwa E133 ya Baxi, EA ya Worcester Bosch na L2 ya Ideal. Lakini kila baridi inapoanza kuuma Uingereza, kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi huko hupita picha ileile: kioo cha boila, herufi na tarakimu zinazowakawaka, na chini yake "Jamani, hii ni nini tena?" Majibu hayakawii. Mmoja anasema ni bodi. Mwingine anasema kwa shemeji yake ilikuwa pampu. Wa tatu anaagiza zima, washa. Na wote wameshajibu kabla ya kuuliza boila yenyewe ni ya kampuni gani.

Swali hilo ndilo la kwanza, maana kila kiwanda kina namba zake. F1 kwenye Ideal Logic ni presha ya maji iliyoshuka, jambo ambalo mara nyingi mpangaji mwenyewe hulimaliza kwa dakika chache. F.1 kwenye Vaillant ni sensa ya joto ya bomba la kurudishia maji iliyokatika mawasiliano, na hapo ni kazi ya fundi. Kwa hiyo kabla hujapiga picha ya namba, piga picha ya jina la modeli. Mara nyingi limeandikwa usoni pa boila, au kwenye kibandiko upande wa chini, nyuma ya kifuniko kidogo kinachoshuka.

Jambo la pili ndilo linalowagharimu watu fedha: namba haitaji kilichoharibika. Boila haiwezi kujichungulia. Ina sensa chache tu, ya joto hapa, ya presha pale, na bodi ya umeme inayosoma ishara zake. Bodi ilikuwa inangoja ishara fulani na haikuja, au imekuja wakati haikutakiwa; namba ni jina la ishara hiyo. Sababu inaweza kuwa ndani ya boila, lakini inaweza pia kuwa kwenye mita ya gesi, kwenye kibomba cha plastiki ukutani nje, au kwenye redieta, lile bamba la ukutani linalopasha chumba, katika chumba ambacho hakuna anayelala.

Kabla ya moto kuwaka

Kwa aliyekulia Tanga, Mombasa au Bujumbura, maji ya moto ni sufuria jikoni au hita ya umeme juu ya shawa, na nyumba yenyewe haipashwi. Boila ya kombi iliyo katika nyumba nyingi za Uingereza hufanya kazi mbili kwa moto mmoja. Kwanza, inazungusha maji yaleyale mwaka mzima kutoka kwenye boila kwenda kwenye redieta na kurudi, mzunguko uliofungwa. Pili, ukifungua bomba la maji ya moto, inasitisha kazi ya redieta na kuyapasha papo hapo maji mapya yanayotoka mtaani. Maji ya mizunguko hii miwili hayachanganyiki. Yanapeana joto kupitia sahani nyembamba za chuma tu. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Themostati, kidude cha ukutani cha kuchagulia joto la nyumba, ikiomba joto, boila haiwashi moto moja kwa moja. Inahakiki kwanza presha ya maji. Inawasha pampu na kuangalia kama maji yanatembea. Inazungusha feni ili kusafisha chumba cha moto na kuhakikisha moshi utapata njia ya kutoka kwenye dohani. Kisha elektrodi inatoa cheche, valvu ya gesi inafunguka, na bodi inangoja kuuona mwali. Bodi hapa ni kama askari wa getini asiyejua sura ya mtu: anachotaka ni kitambulisho, na kila hatua ina chake. Kikikosekana kimoja, geti halifunguki, na namba inayotokea kwenye kioo inakwambia ni hatua ipi iliyokwama.

Namna bodi inavyouona mwali inastahili kuelezwa, kwa sababu inafumbua fumbo moja linalowachanganya wengi. Haina jicho. Ina kijiti cha chuma kilichochomoza ndani ya moto. Mwali wa gesi una chembe zenye chaji, hivyo unapitisha umeme, na kwa sababu kijiti ni kidogo na kichomeo ni kikubwa, umeme huo hupita kwa wingi upande mmoja kuliko mwingine. Bodi inapima mkondo huo mdogo mno, wa sehemu chache tu za milioni moja ya ampea. Ukiwepo, moto upo. Usipokuwepo, bodi inafunga gesi mara moja. Sasa kijiti kikishika utando mweupe, au waya wake ukilegea, moto unaweza kuwaka vizuri kabisa kwa sekunde mbili tatu, ukausikia kwa masikio yako, halafu boila ikaandika kwamba hakuna moto. Haisemi uongo. Haikuuona.

Ndiyo maana Vaillant wana namba mbili kwa jambo linaloonekana moja. F28 ni moto ulioshindwa kuwaka tangu mwanzo. F29 ni moto uliowaka, ukaonekana, kisha ukapotea boila ikiwa kazini. Kwa fundi, tofauti hiyo ni kubwa: ya kwanza inamwelekeza kwenye gesi na cheche, ya pili inamfanya aulize kuhusu upepo, dohani, kibomba cha plastiki kilichoziba, au gesi inayopungua nguvu vifaa vingine vikiwashwa.

Presha, mgonjwa wa kila wiki

F22 kwenye Vaillant, F1 kwenye Ideal, E119 kwenye Baxi: zote zinasema maji ndani ya mzunguko uliofungwa hayatoshi. Baadhi ya boila za zamani hazina sensa ya presha kabisa. Zina saa ya mshale tu, na upungufu wa maji hujitokeza kwa sura ya namba za joto kupita kiasi. Kwa hiyo hata kama namba haitaji presha, tazama saa hiyo kwanza. Boila ikiwa baridi, mshale ukae kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha presha). Redieta zikipata moto utapanda kidogo, na hilo ni sawa, maana maji yakipata joto hutanuka.

Kujaza maji ni kazi ambayo mwenye nyumba au mpangaji anaruhusiwa kuifanya. Zima boila, iache ipoe. Chini yake tafuta kibomba kilichosukwa kwa waya wa fedha chenye koki kila upande. Modeli nyingine zina funguo ya plastiki au kishikio badala yake. Fungua polepole, utasikia maji yakipita, na macho yasitoke kwenye mshale. Ukifika 1.2 au 1.3, funga koki zote mbili. Kanuni za maji za nchi hiyo zinataka kibomba hicho cha kusukwa kiondolewe baada ya kujaza, ili maji machafu ya redieta yasipate njia ya kurudi kwenye maji ya kunywa. Ukijaza kupita kiasi, punguza kwa kulegeza kiskrubu cha hewa kwenye redieta moja, kitambaa mkononi.

Kama unajaza mara moja kwa mwaka, hasa baada ya kutoa hewa kwenye redieta, hakuna cha kutafuta. Watu wengi hutoa hewa siku ya kwanza ya baridi, redieta zikapata joto, wakafurahi, kesho yake asubuhi boila ikakataa. Hewa iliyotoka ilikuwa inashika nafasi, na sasa nafasi hiyo inadai maji.

Ukijaza kila wiki, hapo kuna mgonjwa, na namba haitakusaidia kumpata. Mshale wenyewe ndio utakaokusaidia. Uangalie boila ikiwa baridi, kisha tena ikiwa imefanya kazi nusu saa. Ukipanda haraka hadi karibu na 3 na ukiporomoka hadi sifuri boila ikipoa, shaka ya kwanza ni tangi la kutanukia. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, upande mmoja maji, upande mwingine hewa au naitrojeni. Hewa hiyo ndiyo inayobonyea maji yanapotanuka. Ikiisha, maji hayana pa kwenda, presha inapaa, na kwenye bar 3 valvu ya usalama inafunguka na kuyamwaga nje kupitia bomba la shaba lililopinda kuelekea ukutani. Na valvu hiyo ikishafunguka mara kadhaa, uchafu hukaa kwenye mdomo wake isifunge tena sawasawa. Fundi akilijaza tangi upepo asiitazame valvu, utamwita tena mwezi ujao. Njia rahisi ya kuthibitisha uvujaji huo ni kufunga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa bomba la nje, boila ikiwa imezimwa na kupoa, na kuutazama kesho yake.

Mshale ukipanda wenyewe hata boila ikiwa imezimwa, fikiria upande wa pili: maji ya mtaani yanaingia kwenye mzunguko. Ama koki ya kujazia haijafunga, ama zile sahani nyembamba zinazotenganisha maji ya kuoga na ya redieta zimetoboka. Na ukishuka polepole bila dalili yoyote, zulia kavu, bomba la nje kavu, fundi anaweza kufunga koki za boila usiku kucha ili aone upande upi unapoteza: boila yenyewe au mabomba yaliyo chini ya sakafu. Ni jaribio la bure kabisa, na inashangaza ni mafundi wangapi wanaoliruka na kukimbilia kuuza vifaa.

Kisha kuna F75 ya Vaillant, ambayo naipenda kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi bodi inavyofikiri. Mshale uko 1.3, maji yapo tele, lakini boila imejifungia. Kinachosemwa ni hiki: pampu ilipoanza kuzunguka, bodi ilitarajia presha iruke kidogo, na sensa haikuripoti kupanda kokote. Inaweza kuwa pampu haisukumi. Inaweza kuwa tundu la sensa limezibwa na tope. Tangi la kutanukia lenye kasoro linaweza kuleta jambo hilohilo, na hewa pia. Kuongeza maji hapa hakutibu kitu, na bado ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hukifanya.

Moto usiowaka: anzia nje ya boila

Kwa F28, L2, EA na E133, swali la kwanza linaulizwa kwenye jiko. Kama jiko lako ni la gesi, washa plate moja. Lisipowaka, boila haina kosa, gesi haifiki. Nenda kwenye mita. Kishikio cha koki kuu kikiwa sambamba na bomba, njia iko wazi, kikikatiza, imefungwa.

Kwenye nyumba za kupanga, sababu inayorudi kila mara ni salio. Mita za malipo ya awali, za kadi au za kisasa, hufunga gesi salio likiisha, na boila haijui habari za fedha: inachojua ni kwamba ilitoa cheche na mwali haukuja. Tena ukishalipa gesi hairudi lazima yenyewe. Mita nyingi hutaka ubonyeze kitufe ili kuthibitisha kwamba majiko yote yamezimwa, ndipo zifungue valvu. Baada ya hapo boila nayo inahitaji kuriseti, yaani kubonyezwa kitufe cha kuianzisha upya, kwa sababu ilikwisha kujifungia. Kuna mtu amelala na koti usiku kucha na salio lake lipo, kwa kukosa kubonyeza vitufe viwili.

Kioo kikiwa cheusi kabisa, bila namba yoyote, acha habari za gesi. Boila ya gesi haiendi bila umeme. Tazama swichi yake ya ukutani, ambayo huwa na fyuzi ndogo ya ampea 3, na salio la umeme pia kama mita ni ya kulipia kabla.

Jiko likiwaka vizuri na nje kuna barafu, mtuhumiwa mkuu ni kibomba cha plastiki. Tangu Aprili 2005, boila mpya za gesi England na Wales, isipokuwa pale ilipothibitika haiwezekani, zinatakiwa ziwe za aina inayofyonza joto hata kwenye moshi wake, mpaka mvuke uliomo unageuka kuwa maji. Maji hayo yana asidi kidogo, hutona mfululizo boila ikifanya kazi, na lazima yatoke. Hupita kwenye mtego mdogo wa maji chini ya boila, kisha kwenye kibomba cha plastiki. Mafundi wengi waliofunga boila hizo mwanzoni walikitoa kibomba hicho nje ya ukuta kikiwa chembamba, kipenyo cha milimita 21.5, bila kukivisha kitu. Ukaja Desemba 2010, ambao ulikuwa wa baridi kali kuliko Desemba nyingine yoyote Uingereza tangu angalau mwaka 1910. Maji yakaganda ndani ya vibomba, yakarudi nyuma hadi kwenye chumba cha moto, na boila zikazima kwa wingi nchi nzima siku zilezile ambazo watu walizihitaji kuliko zote. Boila zenyewe zilikuwa nzima.

Dalili yake ni sauti. Ukiriseti, boila inajaribu kuwaka huku ikigugumia kama inasukutua, kisha inazima kwa namba ileile. Fuata kibomba cha plastiki kilipotokea ukutani. Kama unakifikia ukiwa umesimama chini, kimwagie maji ya vuguvugu, si ya kuchemka kwa maana plastiki hupasuka na maji hayo yakimwagika njiani yataganda na kumwangusha mtu. Chupa ya mpira ya maji moto iliyofungwa kwa taulo nayo inafaa. Sehemu zinazoganda kwanza ni kwenye kona na mdomoni. Kikiwa ghorofani, usipande ngazi juu ya barafu kwa ajili ya boila. Ukishasikia maji yametiririka, riseti mara moja. Mara nyingi inawaka palepale. Dawa ya kudumu ni ya fundi: bomba la nje liwe la milimita 32, fupi iwezekanavyo, lenye mteremko na lililovishwa, au bora zaidi likatwe njia ya nje kabisa na kuunganishwa ndani na bomba la maji machafu la jikoni. Kama umepanga, iombe kazi hiyo Oktoba. Januari kila fundi ana foleni.

Baada ya hayo yote, kama gesi ipo, hakuna barafu, na bado moto hauji, kilichobaki kiko ndani ya kasha, na ndani ya kasha si kwako.

Maji yasiyotembea

F20 ya Vaillant, E9 ya Worcester Bosch, E110 ya Baxi na L1 ya Ideal zinahusu joto kupita kiasi au maji yasiyozunguka. Watu husikia "joto kupita kiasi" wakadhani moto umekuwa mkubwa. Kwa kawaida moto uko vilevile. Ni maji yaliyoshindwa kulibeba joto na kuondoka nalo. Kabla ya kumwita mtu, pita chumba hadi chumba. Redieta zina koki zenye namba 1 hadi 5 ubavuni, na katika nyumba ambayo kila mtu anabana matumizi, hutokea zote zikafungwa na boila ikawa inasukuma maji kwenye njia isiyo na mlango. Fungua mbili tatu, jaza presha kama imeshuka, riseti.

Gusa na redieta zenyewe. Ikiwa baridi juu na moto chini, ni hewa. Ikiwa moto juu na baridi chini katikati, ni tope jeusi: chuma cha redieta kinaoza polepole ndani ya maji na unga wake unatuama. Tope hilohilo ndilo linaloziba sensa, linalokwamisha pampu na kukwangua beringi zake. Boila mpya ikifungwa kwenye mabomba yenye tope bila kuyaosha na bila chujio la sumaku, namba za hitilafu ni suala la muda tu. London na kusini mashariki kuna balaa jingine, maji yenye chokaa nyingi, ambayo hujenga utando kwenye sahani za kupashia maji ya kuoga. Hapo boila hutoa kelele ya birika linalokaribia kuchemka, maji ya shawa yanabadilika moto na baridi, na redieta ziko salama.

Pampu iliyokaa kimya miezi yote ya kiangazi inaweza kunata. Kuwasha redieta dakika chache mara moja kwa mwezi wakati wa joto kunaonekana upuuzi, lakini kunapunguza simu za mwezi Oktoba.

Nigusie pia namba ambazo si hitilafu. Vaillant huonyesha herufi S kueleza boila inafanya nini: S.4 inapasha redieta, S.14 inapasha maji ya kuoga, S.0 haijaombwa joto na mtu. Kama nyumba ni baridi na kioo kinasema S.0, tafuta themostati ukutani na betri zake. Boila inangoja kuambiwa.

Kuriseti, na pale mkono wako unapokoma

Riseti moja ni halali. Ya pili, baada ya kurekebisha kitu unachokijua, ni halali. Baada ya hapo unaua ushahidi, na si hivyo tu. Kila jaribio la kuwasha huruhusu gesi kidogo iingie kwenye chumba cha moto. Boila hujifungia makusudi ili gesi isiyoungua isirundikane. Kumbonyezea kitufe mara kumi ni kumlazimisha mlinzi afumbe macho.

Namba za feni na njia ya moshi, kama F32 ya Vaillant, F3 ya Ideal Logic au C6 ya Worcester Bosch, hazina kazi ya mpangaji isipokuwa moja: toka nje utazame mdomo wa dohani. Kiota cha ndege, mfuko uliopeperushwa, theluji, au kichaka kilichokua mbele yake vinaonekana kwa macho. Kasha la boila usilifungue. Kwenye boila nyingi kifuniko cha mbele ni sehemu ya muhuri unaozuia moshi usiingie nyumbani. Kikirudishwa vibaya, kinachovuja ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kikiuma, kichefuchefu na kizunguzungu vikawapata watu wa nyumba nzima, na wakipata nafuu wakitoka nje, zima boila, fungua madirisha, tokeni na mtafute matibabu. Ukinusa gesi, usiguse swichi, usiwashe chochote. Funga koki ya mita kama unaifikia, toka, na upige 0800 111 999. Ni namba ya dharura ya gesi kwa England, Wales na Uskoti, haina malipo na inapokelewa saa zote.

Sheria nayo iko wazi: anayegusa gesi lazima awe kwenye Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi, iliyochukua nafasi ya rejista ya zamani ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Ana kadi yenye picha, na nyuma ya kadi zimeorodheshwa kazi anazoruhusiwa. Mtu anaweza kuwa halali kwa majiko na asiwe halali kwa boila. Kuomba kuiona kadi si kumvunjia mtu heshima, hata kama ni kijana wa nyumbani uliyeelekezwa kwake msikitini au kanisani. Ujamaa mwema, lakini hauna sensa ya moshi.

Mpangaji hapaswi kulipia haya. England, Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya kupasha nyumba na maji. Lazima pia alete fundi wa Gas Safe kukagua kila baada ya miezi 12 na akupe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, England, anatakiwa kuweka kengele ya kaboni monoksidi kwenye chumba chenye boila ya gesi. Ripoti kwa maandishi, si kwa simu tu, na weka modeli, namba, picha ya mshale wa presha, tarehe na saa.

Fundi akifika na kutamka "bodi" baada ya kusoma kioo tu, muulize kwa adabu amepima nini. Bodi ni kifaa ghali, na ndiyo jibu la haraka la asiyetaka kupima. Mwenye kujua kazi atataja presha ya gesi aliyoipima kwenye valvu, mkondo wa mwali, ukinzani wa sensa ya joto, au usomaji wa moshi kwenye kipimo chake.

Na kwa hitilafu inayokuja na kuondoka, ambayo fundi akifika boila inawaka bila aibu, kumbukumbu zako ndizo kipimo pekee kilichokuwepo wakati wa tukio. F29 inayotokea usiku wa upepo tu itampeleka kwenye dohani. Ikitokea jioni, jiko likiwa na moto mkubwa, atapima gesi vyote viwili vikiwa vimewashwa. Ikitokea alfajiri ya barafu na kukoma saa nne jua likigonga ukuta, ataanzia nje, kwenye kibomba cha plastiki.